Kitambaa Kisicho na Ndege

Nyuma ya shule ninayofundisha, hapa Nyamagana, dobi mmoja amefungua kibanda na bado anatumia pasi ya mkaa. Walimu wenzangu wanampelekea nguo na kumsifu, eti pasi ya mkaa inanyoosha kuliko ya umeme. Mimi nimehama njia. Kila asubuhi nazunguka upande wa pili, napanda mawe na viatu vyangu vya kazini, ili tu nisipite pale. Siku ya kwanza nilipita bila kujua, harufu ikanipiga: pamba mpya iliyoloweshwa, ikaanikwa, sasa inapigwa pasi ikiwa bado na unyevu, na moshi kidogo wa mkaa juu yake. Nilifika ofisini nikakaa. Nilikuwa na rundo la karatasi za mtihani za kusahihisha, na sikugusa hata moja mpaka kengele ya mwisho ilipolia.

Ni harufu ya kibaraza cha baba yangu, Igogo. Sisi wa rika hili tulilelewa na mafundi cherehani. Sare za shule, nguo za Idi na Krismasi, gauni la harusi ya shangazi, vyote vilipita mikononi mwao, na tulijua tangu tukiwa wadogo kwamba fundi na uongo ni ndugu wa tumbo moja. "Njoo kesho, nimebakiza vifungo tu." Unakwenda hiyo kesho, unakuta kitambaa chako hakijatolewa hata kwenye mfuko. Najua ninyi mlikuwa mnacheka. Mimi nilikuwa sicheki, maana fundi mwenyewe ndiye aliyenizaa, na nilimtetea kwa miaka mingi kwa jambo ambalo nilikuwa nimelielewa vibaya kabisa.

Baba aliitwa Fundi Saidi. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye vidole vyembamba na chaki nyuma ya sikio. Cherehani yake ilikaa kibarazani kwetu, meza ya kukatia pembeni yake, na mbele palikuwa na njia ya akina mama waliopanda na dagaa kutoka ziwani. Ndani tulikuwa wanne: baba, mama, mimi, na bibi mzaa baba, ambaye chumba chake kilikuwa cha nyuma. Bibi alikuwa Mkerewe wa Nansio, aliyevuka kuja kuolewa Mwanza na hakurudi tena kuishi kwao. Honi ya meli ya Nansio ilipolia aliinua kichwa popote alipo, hata kama yuko katikati ya maneno, akasema, "Hiyo inakwenda kwetu." Kisha akaendelea pale alipoachia.

Niliikuta sifa ya baba ikiwa imeshakomaa. Watu walivuka mji mzima kuja kwake, wakawaacha mafundi wao mtaani. Halafu akaja Mama Koku.

Mama Koku alikuwa Mhaya mwenye duka la vyombo, jirani yetu, na alikuwa anamfanyia binti yake sendofu, sherehe ya kuagwa kabla ya harusi. Akaleta kitenge cha ndege. Ndege wakubwa wa buluu, wamesimama wima, vichwa juu. Sasa kitambaa cha namna hiyo kina juu na chini, na fundi lazima aelekeze mbele na mgongo upande mmoja kabla hajapeleka mkasi. Baba alilijua hilo kuliko alivyojua jina lake. Lakini wiki ile kibaraza kilijaa wateja, kila mmoja anamvuta shati, akakunja kitambaa haraka haraka ili aokoe muda, akakata. Mama Koku akaja kuchukua gauni siku yenyewe ya sherehe, na shoga zake wameshajipaka manukato, gari linasubiri. Akalivaa. Mbele, ndege walisimama vizuri sana. Alipogeuka, shoga mmoja akapiga ukelele. Mgongoni ndege wote walikuwa wananing'inia vichwa chini.

"Jamani! Hao si popo hao!"

Walicheka mpaka akina mama wa dagaa wakatua ndoo zao kutazama. Na mimi nilicheka, nilikuwa mtoto. Mama Koku peke yake hakucheka. Alilia pale pale kibarazani, wanja ukimtiririka, akamwambia baba, "Fundi, mwanangu anaagwa mara moja tu. Mara moja." Baba alisimama na chaki yake sikioni akirudia neno moja, nisamehe, nisamehe. Wakamfunika mama wa watu kanga mgongoni, wakaondoka. Toka siku ile Igogo nzima ilimwita Fundi Popo. Watoto wakipita kwetu waliinama, wakachungulia kibaraza chetu kati ya miguu yao, wakakimbia. Nilipigana na wawili, mmoja akanitoa jino ambalo lilikuwa linataka kutoka lenyewe.

Kwa akili yangu jambo lile liliishia hapo. Baba alimnunulia Mama Koku kitenge kingine, mama akanuna, mambo yakapoa. Sikuona kilichobadilika isipokuwa kwamba baba amekuwa makini zaidi. Kitambaa kikiletwa alikilowesha, akakianika, akakipiga pasi kikiwa na unyevu. Akakitandaza mezani, akapitisha kiganja kutoka juu mpaka chini, polepole, mara nyingi. Akachora kwa chaki. Akasimama akatazama. Akafuta. Akapiga pasi tena. Akanoa mkasi ambao ulikuwa mkali kama nini. Akatia mafuta cherehani ambayo haijashona kitu tangu juzi. Akafagia vipande vya nguo ambavyo havikuwepo, maana hakuna kilichokatwa. Kisha akashika mkasi, akaufikisha kwenye ukingo wa kitambaa, na mkasi ukakaa pale mdomo wazi. Hapo ndipo alipokumbuka kahawa, au adhana, au mtu aliyetakiwa kwenda kumpa pole.

"Kitambaa kinapumzika," aliwaambia wateja. "Nikikikata hakijatulia kitarudi, kitakubana, uje kunilaumu."

Kuna ukweli ndani yake. Pamba hurudi ikifuliwa, na fundi mzuri huilowesha kwanza. Lakini mimi niliuchukua ukweli ule mdogo nikaujengea nyumba. Niliamini kwamba baba anakisikiliza kitambaa kwa kiganja. Niliamini kitambaa kina hiari yake, na kwamba mafundi wengine wote wa Igogo ni washenzi wanaokata nguo kwa nguvu bila kuziuliza, ila baba yangu peke yake anangoja zikubali. Nikatangaza shuleni. Mteja akija kwa hasira na baba ameteleza kwa mlango wa nyuma, nilikuwa nasimama mbele ya meza na kumwambia, "Shikamoo. Hakijakubali bado." Mzee mmoja, ambaye kanzu yake ilikuwa imelala pale tangu mwezi wa Rajabu, alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. "Mwambie baba yako," akasema, "ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu limeshauma." Hakurudi tena, na kanzu yake akaichukua ikiwa kitambaa.

Mama hakuwa na subira ya kusikiliza vitambaa. Alikuwa Msukuma wa Magu, aliyesilimu alipoolewa, na mdomo wake ulikuwa unafika sokoni kabla ya miguu yake. "Fundi! Linalowezekana leo lisingoje kesho! Uvivu huu utatuzika wote!" Baba akachukua mkasi akaanza kuunoa tena. Na mimi nilimkasirikia mama kwa kumwita baba mvivu, ingawa sababu yangu ilikuwa ya kijinga. Sasa nina sababu nyingine. Mvivu analala usingizi wake vizuri, mwenzangu. Mvivu anakula akashiba. Baba alikuwa akisukuma sahani ya ugali na sato kwa mama ikiwa haijaguswa upande mmoja. Siku moja nilimkuta uani amekalia ndoo iliyopinduliwa, ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, anaukandamiza kama mtu anayezuia damu.

"Umejikata, baba?"

"Hapana, mama." Ndivyo alivyoniita, mimi binti yake. "Ningejikata ingekuwa afadhali."

Niliuchunguza mkono wote kidole kwa kidole nikitafuta jeraha. Mkono ulikuwa unatetemeka na umelowa jasho, basi. Nikaenda kumwambia bibi kwamba baba ana homa.

Leo kuna maneno mengi ya jambo hili, na semina zake, na watu wa kukufundisha kupanga ratiba kwa rangi. Nimehudhuria. Hakuna aliyenieleza kitu ambacho sikukiona kibarazani. Hofu inakukaa kifuani; unasema, kesho; kifua kinalegea. Ule mlegeo ni mtamu, we acha tu. Unapata saa moja ya kupumua kama mtu aliye mzima. Kisha kesho inakuja na mzigo wake na wa jana, hofu imeongezeka, na dawa unayoijua ni ile ile. Mwalimu mwenzangu akimwita mwanafunzi mvivu kwa sababu hajaandika hata mstari wa kwanza wa insha, namtazama yule mtoto mikono kwanza. Mara nyingi ameificha chini ya dawati.

Watu walimpa baba kila walichokuwa nacho. Mwalimu wa madrasa alimwandikia kombe, aya za wino wa zafarani zilizooshwa kwa maji, baba akanywa, akajipaka lililobaki kwenye vidole. Wazee wa kahawa wakamwambia ajikaze, wewe mwanamume bwana, jikaze. Sijawahi kuona mtu akiponywa na neno jikaze. Fundi wa ng'ambo ya barabara akajitolea amkatie yeye, baba ashone tu, na baba akaona ni afadhali afe. Ni mama, huyo huyo mwenye mdomo, aliyevumbua kitu, tena kwa bahati.

Shule zilikuwa zinafunguliwa na meza ilikuwa imejaa vitambaa vya sare. Mama alitoka jikoni na hasira zake, akaketi upande wa pili wa meza ili amseme baba vizuri, na kwa kuwa kitambaa kilikuwa kinateleza akakikandamiza kwa kidole. Baba alikuwa ameshika mkasi. Mama akainua macho, nadhani alimwona usoni. Akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, "Usikate sketi. Kata mpaka kwenye kidole changu tu, basi." Baba akakata mpaka pale. Mama akasogeza kidole. "Na hapa." Akakata. "Na hapa." Hakuna aliyesema neno jingine mpaka sketi ikawa vipande vinne mezani, na baba akafuta uso kwa kofia yake.

Walikata hivyo sare za watoto wote. Mama aliacha sufuria ikaungua. Nami nikajua, nikajua kabisa, kwamba mama anakibembeleza kitambaa, na kwamba kumbe na yeye anasikia.

Kidole hicho ndicho kinachonilisha mimi mpaka leo. Sioni haya kusema. Ninapokuwa na kazi inayonitisha nampigia simu rafiki yangu mmoja, mwalimu wa hesabu, naiweka simu mezani, yeye anaendelea na shughuli zake kwao na mimi za kwangu, wala hatuongei. Namwambia tu, nasahihisha swali la kwanza la karatasi ya kwanza. Nikimaliza namwambia, la pili. Kuna siku rundo lote linakwisha namna hiyo. Na kuna siku simu iko pale, rafiki yuko pale, nasikia hata anavyopuliza chai yake, na mkono hauendi. Siku hizo najua ninakokwenda, maana nilishaona mwisho wake.

Bibi alikuwa na dada yake mkubwa aliyebaki Nansio, na mwaka ule habari zilikuja kwamba macho yake yameshaondoka yote. Bibi akaamua kuvuka akamwone kabla mmoja wao hajatangulia. Akasema atakwenda Idi. Akashuka sokoni mwenyewe, na miguu yake iliyovimba kwa presha, akarudi na kitambaa. Kilikuwa buluu nzito, pamba tupu, hakina ua, hakina mstari, hakina chochote. Mama alipokikunjua alishangaa.

"Mama, mbona umechagua kama cha sare ya magereza? Wewe si mtu wa maua?"

Bibi akangoja baba aingie ndani kuchukua maji. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nimechagua kisicho na ndege. Hiki hakina juu wala chini. Akikikata vyovyote vile kiko sawa." Akakunja tena taratibu. "Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Basi nimemletea kisicho na hata ung'ongo."

Mama akamwambia ukweli, maana huyo ndiye mama. Kwamba dada mtu haoni, atakwenda kumwonyesha nani gauni jipya? Avae lolote, apande meli, akasalimie.

"Watu wa bandarini wanaona," bibi akasema. "Na yeye atanishika. Atapitisha mkono begani hapa, kwenye mshono, tangu utoto ndivyo alivyo, ataniuliza nani kakushonea. Hilo la popo limeshavuka maji, limefika Nansio, unajua? Nataka aniulize nani kakushonea, niseme Saidi."

Kwa hiyo lilikuwa hilo. Halikuwa gauni. Akienda na nguo aliyoshona mwanawe, jina la mwanawe linarudi; akienda na nguo ya zamani, au ya fundi mwingine, amekubali mbele ya kwao kwamba mwanawe amekwisha. Mama alipendekeza siku nyingine, kwa siri, wampelekee fundi wa ng'ambo na kusema ni baba aliyeshona. Bibi alimtazama tu. Mama akaomba radhi.

Baba alikipokea kitambaa kwa mikono miwili. Alimpima bibi kwa futi ya utepe, mabega, kifua, urefu, akamwambia, "Wiki hii, mama, inshallah." Akakilowesha. Akakianika. Akakipiga pasi. Mnajua yaliyofuata.

Ramadhani ilianza kitambaa kiko mezani. Baba alishona viraka, akabadilisha zipu za watu, akapandisha mapindo, kazi zote zisizotaka kukata, na alizifanya kwa bidii mpaka unamhurumia. Kila jioni alikisogeza kitambaa cha bibi katikati ya meza, na kila jioni akakirudisha pembeni. Mama alileta kidole chake. "Mpaka hapa tu, Fundi." Baba akatikisa kichwa. "Hiki sicho cha mteja," akasema. "Mteja nikimharibia atakwenda kwingine. Huyu nikimharibia ataniambia ni kizuri." Sikuelewa maana yake. Niliona ni jambo jema mtu akikuambia ni kizuri.

Siku ya mwisho ya mfungo bibi alitoka chumbani kwake, akavuta kigoda, akaketi mbele ya meza. Akaweka kidole chake mwenyewe juu ya kitambaa, kidole kimepinda kwa kusuka mikeka, na ukucha wenye hina ya Idi.

"Haya, Saidi. Mpaka kwa mama."

Baba akashika mkasi. Nilikuwa nimesimama pale, meza inanifikia kidevuni. Mkasi ulifika ukingoni ukafunguka. Baba akakitazama kile kidole, na jasho likamdondoka juu ya kitambaa likaacha doa jeusi. Nikaona ninajua tatizo. "Bibi, toa kidole," nikasema, "anaogopa atakukata."

"Hatanikata," bibi akasema. "Saidi hajawahi kunikata."

Baba akaweka mkasi chini kwa upole sana, kama unavyolaza mtoto. Akasema anawahi msikitini. Haukuwa wakati wa sala yoyote. Bibi alibaki ameweka kidole pale pale, na honi ya meli ikalia, na kwa mara ya kwanza hakusema inakwenda wapi. Mimi ndiye niliyesema, nikidhani amesahau. "Bibi, hiyo inakwenda kwenu." Akanivuta akaniegemeza kwake. "Najua, mke mwenzangu. Najua."

Idi ikapita. Bibi akasema atakwenda Idi ya kuchinja, nayo ikapita. Hakumlaumu baba hata siku moja, na naamini ingekuwa afadhali kama angemlaumu. Alimsalimia asubuhi, akamuuliza hali, akakizunguka kitambaa kama kitu cha watu wengine. Jua la jioni lilikuwa linapiga upande ule wa meza, na mkunjo wa juu ukaanza kupauka. Baba akakigeuza ili upande uliopauka usionekane. Mimi nilishaanza kukichukia kile kitambaa. Nilikiona kikaidi. Siku moja hakuna mtu, nilikipiga kibao nikakiambia kikubali, kwani kinataka nini.

Bibi aliondoka asubuhi moja ya kawaida kabisa. Aliamka alfajiri, akatawadha, akasali, akasema anajilaza kidogo. Mama alipompelekea uji akapiga ukelele ambao majirani waliuelewa kabla hawajafika. Kufika saa tatu nyumba ilikuwa imejaa. Wanawake ndani, wanaume kibarazani kwenye mabenchi ya msikiti, na mtu ameshatumwa dukani kuleta bafta nyeupe ya sanda. Baba alikaa kwenye kiti chake cha cherehani, watu wakimpa mkono.

Mtaani kwetu sanda za wanawake zilikatwa na Bi Mwajuma, mama mtu mzima aliyeijua kazi hiyo. Bi Mwajuma alikuwa amesafiri kwenda Tabora kwa mwanawe. Bafta ilifika, ikakaa mlangoni mikononi mwa mama, na wanawake wakaanza kuulizana kwa sauti za chini nani anaweza. Mmoja alijua kukata shuka, hakujua kanzu ya sanda. Mwingine aliwahi kuona tu. Kaburi lilikuwa linachimbwa na mazishi yalipangwa adhuhuri.

"Leteni hapa," baba akasema.

Watu waliondoa vikombe vya kahawa juu ya meza ya kukatia. Mtu fulani alichukua kitambaa cha buluu akakiweka pembeni, kwenye kiti. Baba akatandaza bafta. Hakuilowesha. Hakuipiga pasi. Chaki ilikuwa sikioni na hakuigusa, na futi ilining'inia msumarini na hakuitazama. Vipimo vya mama yake alikuwa navyo. Akachukua mkasi, akaupeleka kitambaani, na mkasi ukaenda. Ulikwenda kutoka ukingo mpaka ukingo bila kusimama, na ile sauti ya bafta ikikatwa, ambayo nilikuwa nimeisahau, ikajaa kibarazani mpaka wanaume wakanyamaza. Akakata shuka ya kiunoni. Akakata ushungi. Akakata yale maguo mawili makubwa ya kufunikia. Kisha akakunja kipande kilichobaki, akakigeuza, akamkatia mama yake kanzu.

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilikuwa mtoto, nilifurahi mpaka nikaruka. Mkono haukutetemeka. Hakuna aliyemsemesha, hakuna aliyemshikia, kitambaa kilikuwa kimekubali papo hapo. Nikamshika baba kanzu aliyovaa.

"Baba! Umepona!"

Hakuna aliyecheka. Mama, pale mlangoni, alijiziba mdomo kwa upande wa kanga. Mzee aliyekuwa karibu alinyoosha mkono anivute, baba akamwashiria aniache. Alikuwa anakata shingo ya ile kanzu, mduara mdogo, na hakuinua macho mpaka alipoumaliza.

"Hii hakuna atakayeijaribu mbele ya kioo, mama," akaniambia.

Akakung'uta nyuzi, akakunja vipande vyote vitano kwa mpangilio wake, kile cha kuanza kuvalishwa kikiwa juu ya vingine, akampa mama aviingize ndani. Maji ya kumwoshea bibi yalikuwa hayajapata moto, na nguo yake ilikuwa tayari.